Jani la Mgomba kwenye Mnara wa Kengele

Geuza hiyo ndoo ukae, mwanangu. Hata kama unasoma haya Ngarenaro kwenye kibanda cha fundi mwenzako, au uko Sekei mnasubiri lori la mchanga, geuza ndoo ukae. Mwashi aliyesimama husikiliza nusu tu. Nusu nyingine ya akili yake iko kwenye udongo unaokauka. Mimi sina udongo unaokauka tena. Magoti yamekataa ngazi, na mwiko wangu mke wangu anautumia kupandia vitunguu.

Nimejenga miaka arobaini na kitu. Nimejenga vyoo, mabanda ya ng'ombe, nyumba za ghorofa, na ukuta mmoja wa duka pale Kaloleni ambao hadi leo nikipita nageuza uso, kwa sababu umepinda kidole kimoja na mwenye duka hajui. Sasa atajua. Lakini nataka kukueleza kazi moja tu, ya mnara wa kengele wa usharika wetu, kule juu kwenye miteremko ya Meru. Na ili uelewe mnara huo itabidi nikupeleke kwenye kijiji kimoja kidogo cha Ujerumani, maana ndiko ulikoanzia.

Mnara ulijengwa na mwashi wa Kijerumani aliyekuja na wamisionari wa kwanza. Aliujenga kwa mawe ya mlima huu huu na chokaa, kwa mtindo wa kijijini kwao. Mawe yalibebwa na babu zetu mabegani. Wengine walibeba kwa kupenda na wengine kwa kuogopa. Mzee Anaeli alikuwa akitueleza yote mawili, nami nakuomba usisahau hata moja.

Mzee Anaeli ndiye aliyenifundisha kazi. Baba yake alikuwa msaidizi wa yule Mjerumani, na ufundi wa chokaa aliupata hapo, akamrithisha mwanawe. Mimi nilipokwenda kwake kujifunza nilitegemea kupewa mwiko siku ya kwanza. Alinipa chekeche. Nilichekecha mchanga kuanzia mvua za vuli mpaka masika yakaanza, na kila nilipolalamika alichukua mchanga kidogo, akaufikicha karibu na sikio langu.

"Unasikia?"

"Nasikia unakwaruza, mzee."

"Basi huo ni safi. Mchanga wenye udongo haukwaruzi, unanong'ona. Endelea."

Jaribu kesho. Fikicha mchanga sikioni, kisha ufungue kiganja. Ukiona kiganja kimechafuka, huo mchanga urudishe ulikotoka, hata kama dereva wa lori ana haraka na mdomo mrefu.

Sasa, kosa langu. Usharika wetu una udugu na kile kijiji alikotoka yule mwashi. Huandikiana barua, huombeana, na mara moja kwa miaka mingi wageni huja au wenyeji huenda. Nilipokuwa kijana mwenye ndevu mpya na sifa nyingi, tukapata habari kwamba wageni watakuja kwenye jubilei yetu. Baraza la wazee likaamua mnara upambwe. Siku zile saruji ilikuwa adimu, wewe huwezi kuamini. Ilipatikana kwa kibali, na mtu aliyepata mifuko mitano alitembea kama aliyeoza binti kwa mchungaji. Basi kila Jumapili baada ya ibada, kwenye mnada wa nje ya kanisa, watu walinunua ndizi na kuku kwa bei za kichaa ili saruji ipatikane. Bibi mmoja alileta jogoo wake, akanunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena mara nne. Saruji ikapatikana. Nani apige lipu? Mimi.

Mzee Anaeli alikuja nikiwa juu ya jukwaa, nimeshachanganya. Alikuwa na fimbo na koti lake la kijivu.

"Shuka, kijana."

"Shikamoo, mzee. Saruji itakauka."

"Iache ikauke. Huu ukuta unapumua. Ukiufunika na hiyo kitu utaunyonga."

Vijana waliokuwa wakinisaidia walikuwa wakisikiliza. Nikataka kuwafurahisha. "Mzee," nikasema, "ukuta nao una pua?"

Wakacheka mpaka ngazi ikatikisika. Mzee Anaeli hakucheka. Alinyoosha fimbo, akagusa ukuta karibu na mlango, upande wa mashariki, mahali palipopakwa chokaa nyeupe kila Krismasi kwa miaka mingi hadi mawe hayakuonekana.

"Hapa chini ya hii rangi," akasema, "kuna nyundo. Yule Mjerumani aliichonga, ndiyo alama yake. Na pembeni ya nyundo kuna jani la mgomba. Hilo alichonga baba yangu. Hakujua kuandika jina lake."

Nilimwambia nitaangalia. Mwanangu, sikuangalia. Niliona ni maneno ya mzee anayetaka kazi ichelewe. Nilipiga lipu tangu chini mpaka juu, nikailainisha kama ganda la yai, kisha nikachora mistari ya mraba ionekane kama matofali makubwa. Watu walinipigia makofi.

Wageni wakaja. Miongoni mwao alikuwamo mwashi wa rika langu, jina lake Ludwig, amebeba picha ya zamani ya mnara wetu. Alisimama mbele ya ukuta wangu, akaangalia picha, akaangalia ukuta, akaangalia picha tena. Kisha akanishika mkono na kusema neno moja la Kiswahili alilokuwa amefundishwa: "Nzuri."

Nililiweka hilo neno moyoni miaka mingi, kama medali. Sikujua kwamba mtu yule alisafiri kuvuka bahari kuona mawe, na mimi nilikuwa nimeyafunika kwa heshima yake.

Mzee Anaeli hakuja kwenye jubilei. Tuliendelea kusalimiana, lakini hakunipa tena chekeche wala neno. Alifariki miaka mitatu baadaye, nami nilijenga kaburi lake kwa saruji. Hakukuwa na mtu wa kunizuia.

Ngoja nikueleze alichomaanisha kwa kupumua, ili usije ukacheka kama mimi. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji mvua ikinyesha, na jua likitoka huyatoa. Kila mwaka hivyo, na haudhuriki. Saruji ni kama koti la mvua. Utasema basi si vizuri, maji hayaingii? Yanaingia. Mnara hutikisika kidogo kengele inapolia, lipu inapata ufa mwembamba kama unywele, na maji ya masika yanapita hapo. Jua likitoka, yatokee wapi? Koti limefungwa vifungo. Basi maji yanakaa ndani yakila chokaa, mwaka baada ya mwaka, mpaka mawe yanabaki yameegemeana tu kama walevi wanaosaidiana kwenda nyumbani.

Ndivyo ilivyokuwa. Mnara ukaanza kuvimba ubavuni. Kipande cha lipu kikubwa kama meza kikaanguka siku moja ya kazi, bahati hapakuwa na mtu. Kengele ikanyamazishwa, na badala yake tukawa tunagonga rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mgrevilea. Kamati ya ujenzi ikaanza kusema mnara ubomolewe, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Neema, binti wa Mzee Anaeli. Kila mtu alisema ni uzee wa mawe. Mimi nilikuwa nimeanza kushuku vingine, ila nilinyamaza, maana fundi akikiri kosa moja watu huenda nyumbani kukagua kuta zote alizowajengea.

Wakati huo huo zamu ya wenyeji kwenda Ujerumani ikafika. Mzee mmoja wa baraza akaugua, nafasi yake nikapewa mimi.

Kijiji chenyewe ni kidogo. Ukiwasha sigara mwanzo wa barabara, kijiji kinaisha kabla ya sigara. Ludwig alikuwa amezeeka kama mimi, na ndiye aliyetutembeza, huku mchungaji mmoja mama, aliyewahi kufanya kazi kwetu, akitafsiri kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kimeru zaidi kuliko changu.

Walituonyesha kisima katikati ya kijiji, chenye pampu ya chuma, ambacho hakuna anayekitumia lakini kila mwaka wanakisafisha. Walituonyesha tanuri la mkate la kijiji kizima, nyumba ndogo yenye mlango wa chuma. Zamani kila mama alikuja na unga wake kwa zamu, na hadi sasa wanaliwasha mara moja moja. Walituonyesha nyumba ya kale ambayo watu walilala juu na ng'ombe chini, joto la ng'ombe liwapande. Walidhani tutashangaa. Nikamwambia mchungaji, "Waambie bibi yangu alilala na ng'ombe nyumba moja, na ng'ombe ndiye aliyelalamika." Wakacheka sana. Walituonyesha pia jiwe la majina ya waliokufa vitani, na majina ya ukoo yalikuwa matatu manne tu yakijirudia, kama sisi na akina Kaaya na Nnko. Hapo hatukucheka.

Kisha tukafika kwenye daraja la mawe, kijito kidogo kinapita chini. Ludwig akainama kwa shida, akapangusa jiwe moja kwa kofia yake. Palikuwa na nyundo. Nyundo ndogo imechongwa, mpini wake ukitazama juu.

"Huyu," akasema, "ndiye aliyekuja kwenu."

Mwanangu, nilihisi baridi ambayo haikuwa ya Ulaya. Kumbe nyundo ilikuwepo kweli. Na kama nyundo ilikuwepo, na jani lilikuwepo. Na juu ya jani kulikuwa na lipu yangu.

Ludwig hakuniachia nafasi ya kukaa na hilo. Alitupeleka kanisani kwao, nyuma, ambako ukuta wote ulikuwa mawe matupu yenye chokaa safi viungoni, isipokuwa pembe moja yenye kipande cha saruji cha ukubwa wa mlango, kijivu, kimepasuka. Akanipa nyundo ndogo.

"Gonga."

Nikagonga mawe. Yalijibu kwa sauti fupi, iliyoshiba. Nikagonga saruji. Ililia wazi, ko, ko, kama debe tupu.

"Baba yangu ndiye aliyepiga hii saruji," Ludwig akasema mbele ya watu wote, bila kushusha sauti. "Kanisa zima. Alikuwa fundi mzuri, na alitaka lipendeze. Nimeitoa kwa mikono yangu, miaka kumi na miwili. Hicho kipande nimekiacha wajukuu waone."

Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yangu, nilichotakiwa ni kuingia tu. Nikageukia ukuta. Nikasema, "Kuta zenu ni nzuri."

Ludwig akatabasamu. Akamwambia mchungaji kitu, mchungaji akasita, kisha akatafsiri: "Anasema, unasema 'nzuri' kama yeye alivyosema kwenu."

Nilirudi nyumbani na mzigo mzito kuliko masanduku. Baraza lilikutana wiki iliyofuata kupitisha ubomoaji. Mama Neema alikuwa na karatasi tayari. Amri ilibaki kusainiwa tu. Nikanyoosha mkono.

"Mnara haujazeeka," nikasema. "Umeuawa. Ni mimi."

Nikaeleza yote, hata la pua. Niliposema la pua watu walicheka, maana ni la kuchekesha, sikatai. Mama Neema hakucheka. Alifanana na baba yake sana wakati huo.

"Baba alikwambia," akasema.

"Aliniambia."

"Alikwambia na la jani?"

"Aliniambia."

"Na ulilitafuta, Fundi?"

"Sikulitafuta, Mama Neema."

Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka chini ya Biblia. "Nakupa mpaka masika mengine," akasema. "Ukishindwa, wewe mwenyewe ndiye utakayeshika nyundo ya kwanza ya kuubomoa."

Kazi ya chokaa haina haraka, na hapa naomba usikilize kama unavyosikiliza mshahara. Tuliagiza mawe ya chokaa yaliyochomwa kutoka Tanga. Unachimba shimo, unatia maji kwanza, kisha chokaa kidogo kidogo. Ukianza na chokaa na kumwagia maji, itakurukia machoni. Hufoka na kuchemka kama ugomvi wa ndugu. Ikitulia, unaifunika na maji juu, unaiacha. Miezi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ya kwangu ya majaribio niliiweka kwenye pipa nyuma ya jiko, na siku moja nikamkuta mke wangu ameinua kifuniko, ana kikombe mkononi.

"Umepata wapi mtindi wote huu na mahindi ya loshoro yananisubiri?"

Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Hadi leo nikisema nimejenga mnara, yeye husema, "Na nusura ujenge na tumbo langu."

Tulichanganya hiyo chokaa na mchanga wa mtoni, pamoja na vumbi jekundu la mlima wetu lililochekechwa vizuri. Vumbi hilo huifanya chokaa ishike hata penye unyevu. Mzee Anaeli alinifundisha, nami nilidhani nimesahau, lakini mikono ilikumbuka. Ukuta tuliulowesha kwanza. Chokaa ikiwekwa penye jiwe kavu hunyonywa maji yake na kuwa unga. Baada ya kupaka, tulitundika magunia mabichi tukayalowesha asubuhi na jioni ili jua lisiharakishe. Watu walipita wakiuliza kama mnara una homa.

Lakini kabla ya hayo yote ilibidi saruji itoke. Tindo na nyundo, kidogo kidogo, kutoka juu kushuka. Karibu na mlango, upande wa mashariki, sikumruhusu mtu mwingine. Nilifanya kazi hapo siku nne, sehemu ndogo kama sinia. Siku ya nne nikaona mpini wa nyundo ya Mjerumani, kisha nyundo yote, nzima. Nikasogea pembeni kwa upana wa kidole kimoja kimoja. Ncha ya jani ikatokea. Mishipa yake ilichongwa kwa uangalifu, mstari mmoja katikati na midogo pembeni, kazi ya mtu aliyelijua jani la mgomba kwa maisha yake yote. Nikainua kipande kilichofuata cha saruji, kikatoka kirahisi, kirahisi mno. Kilikuwa kimetoka na uso wa jiwe. Nilikigeuza. Nusu ya pili ya jani ilikuwa imeng'ang'ania nyuma ya lipu yangu, na mkononi mwangu ikamomonyoka ikawa mchanga.

Nilikaa chini.

Mnara ulisimama, nikwambie hilo mapema usihangaike. Masika yakaja, uvimbe haukuongezeka, na Jumapili ya kwanza baada ya mvua kengele ililia. Kuna wazee waliotoka majumbani na kanga na magongo, kwa sababu walikuwa wamekubali kufa bila kuisikia tena. Rimu ya lori ipo bado kwenye mgrevilea, kuku wanapenda kulala juu yake.

Baada ya ibada hiyo Mama Neema alinifuata pale mlangoni. Wakati wote wa kazi hakuwahi kusogea karibu. Alitia kidole kwenye nusu ya jani, akakipitisha kwenye mshipa wa katikati mpaka jani lilipokatika, akakiacha hapo.

"Naweza kulimalizia," nikamwambia. "Nina tindo ndogo. Nitachonga nusu iliyobaki, hutajua tofauti."

"Usiguse," akasema. "Acha hivyo hivyo. Anayepita aone baba wa baba yangu, na akuone na wewe."

Kisha akanishika mkono, akaniambia twende mnadani, kuna ndizi zake hazijapata mteja.

Basi inuka sasa, urudi kazini. Kesho ukifika kwenye ukuta wa zamani, usifungue mfuko wa saruji kwanza. Mtafute mtu aliyeujua ukuta huo kabla yako, umuulize kuna nini chini yake, na usicheke jibu lake. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini mpaka unapofikia, jiwe kwa jiwe, na usikilize.